Kondomu kwa anayeanza: ninayowaambia wateja wangu hapa Mwanga, Kigoma

Kuna kijana alikuwa anakuja dukani kwangu karibu kila Ijumaa jioni, anasimama pembeni kwanza mpaka wateja waishe, akifika dirishani shikamoo dada, marahaba, anaomba Panadol, nampa, anahesabu hela taratibuuu, anageuka kuangalia nyuma, alafu ndo anasema kwa sauti ya mtu anayekata roho, "na ile nyingine". Ile ipi? "Ile dada, ya boksi." Basi namfungia kwenye gazeti anaondoka kama kaiba. Siku moja nikamuuliza, we mdogo wangu, hizo Panadol unazipeleka wapi, maana kwa hesabu yangu una kopo zima ndani. Alicheka mpaka akashika nondo za dirisha, na kuanzia hapo ndo tukaanza kuongea kama watu.

Sasa hii naandika kwa ajili yake na wenzake, wakaka kwa wadada, wale ambao umri umefika na wameamua ila hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kitu hiki kinavaliwaje. Shuleni waliambiwa "tumieni kinga" basi, kama vile mtu anazaliwa anajua.

Mi nauza dawa, nipo hapa miaka mingi, na wanaokuja asubuhi wamekunja uso "dada ilipasuka" au "dada ilibaki ndani" ukiwauliza maswali mawili matatu unakuta ndomu haina kosa lolote. Mikono ndo ina kosa, mikono na haraka na aibu. Angalia hesabu hii: jozi 100 za wapenzi wakitumia kondomu ya kiume kila mara na bila kukosea mwaka mzima, wanaopata mimba ni 2 hivi. Ila kwa jinsi watu tunavyotumia kweli, leo umevaa kesho umesahau, keshokutwa umevaa katikati ya safari, wanafika 13. Na mpira ni uleule! Hao 11 waliozidi hapo katikati ndo naongea nao leo.

Kwenye magonjwa pia, VVU havipenyi kwenye mpira mzima, kisonono na klamidia inazuia vizuri tu ukiivaa sawasawa. Malengelenge ya sehemu za siri, kaswende na ile HPV inayoleta masundosundo na saratani ya shingo ya kizazi, hayo yanaweza kukaa kwenye ngozi ambayo kondomu haifuniki, kwa hiyo inapunguza hatari ila haimalizi. Ukiona kidonda au kipele cha ajabu, chako au cha mwenzio, usiseme nitavaa mbili. Nenda kituo cha afya.

Kununua

Za bure zipo, watu hawaziamini tu. Kwenye zahanati na vituo vya afya utakuta Zana, zile za serikali, na gesti nyingi huku zinawekwa mezani au kwenye droo. Mtu anaziangalia anasema za bure hizo zina vitobo. Hapana bana. Kiwandani kila kondomu moja moja inavalishwa kwenye chuma na kupitishwa umeme kuangalia kama ina tundu, iwe ya bure iwe ya bei ya maringo. Alafu wanachukua sampuli za kila toleo wanazipuliza hewa, na ya upana wa kawaida inatakiwa ifike angalau lita 18 kabla haijapasuka. Lita 18! Chukua ndoo yako ya kuchotea maji, ile ya lita 20, ndo uangalie. Kwa hiyo ukija kuniambia "dada mimi hizi hazinienei" nitakusikiliza kwa heshima ila moyoni nacheka.

Za kulipia utapata Salama, Dume, Durex na nyinginezo kwenye maduka ya dawa na hata maduka ya kawaida ya mtaani. Kitu cha kuangalia sio jina, ni zimekaa wapi. Kama boksi limening'inizwa kwenye ukuta wa nje linapigwa na jua la saa nane kila siku, limepauka mpaka picha haionekani, pita, nunua kwingine. Joto ndo adui mkubwa wa mpira.

Ukishika pakiti fanya vitu viwili. Soma EXP, ile tarehe ya kuisha muda, ipo kwenye boksi na kwenye kila kipakiti pia, kwa hiyo hata ile moja ya gesti unaweza kuisoma (kondomu haizidi miaka 5 tangu itengenezwe, na usichanganye MFG na EXP, kuna mteja alinirudishia boksi zima anagomba kumbe kasoma ya kutengenezwa). Alafu bonyeza kipakiti kwa dole gumba. Unatakiwa usikie hewa ndani, kama kimto kidogo, na ile ringi inateleza teleza ukiisukuma. Kama kimelala bapa hakina hewa, kimetoboka hicho, au ndani kunakwaruza pakavu, tupa.

Na hii ya aibu niimalize hapahapa. Hakuna muuza dawa anayekukumbuka. Kwa siku nahudumia watoto wa homa, wazee wa presha, mama zetu na mafuta yao ya mgongo, wewe na boksi lako ni sekunde ishirini za maisha yangu. Wavuvi wa Kibirizi hawana hata hiyo shida, zile siku za mbalamwezi ambazo dagaa hawavuliki kwa taa na watu wamepumzika nchi kavu, wanakuja watatu kwa pamoja, "dada tupe soksi boksi nne", wamelipa wameondoka. Ukishindwa kabisa kusema andika kwenye simu unionyeshe, wapo wanaofanya hivyo na mambo yanaenda. Ila usichukue Panadol usiyoihitaji.

Ipi sasa?

Kwa anayeanza jibu langu ni moja, chukua ya kawaida kabisa, laini, yenye mafuta yake, isiyo na mbwembwe. Hizo za vipele, za mistari, za harufu ya stroberi na chokleti utazijaribu ukishazoea. Za harufu zilitengenezwa zaidi kwa mambo ya mdomo, kuna wadada zinawawasha kule chini. Zile za kuchelewesha zina dawa ya ganzi ndani, ukiivaa kwa kuigeuza au ikamgusa mwenzio, anapata ganzi yeye, na hakuja pale kupata ganzi. Na ukikuta imeandikwa nonoxynol-9, hiyo ni dawa ya kuua mbegu, iache, inakwangua ngozi ya ndani na mtu anayeitumia mara kwa mara anajiongezea hatari ya VVU badala ya kupunguza.

Saizi. Kwenye boksi tafuta namba ndogo ya milimita, nyingi za huku ni 52 au 53. Hiyo sio urefu, ni upana wa kondomu ikilazwa bapa mezani, na upana ndo unaokuhusu, urefu hauna shida maana ikizidi inabaki imekunjika pale shinani. Kujipima kata kipande cha karatasi, kizungushe katikati ya uume ukiwa umesimama, weka alama kwa kalamu, kinyooshe kwenye rula. Ukipata sentimita 11 mpaka 12 na nusu hivi, hizi za kawaida ni zako. Ukizidi hapo sana tafuta zilizoandikwa 56, ukiwa chini tafuta za 49, huku kwetu zinasumbua kidogo kupatikana ila mtu anaweza kukuagizia. Usipime kwa macho, wanaume hampimi vizuri kwa macho. Ikikubana mpaka ikaacha alama nyekundu na mzee analala katikati ya kazi, ni ndogo. Ikipanda panda na kukusanyika mbele, ni kubwa, na hakuna aibu kununua inayokutosha, mbona viatu hununui saizi ya jirani.

Kama mmoja wenu mpira unamletea muwasho na kuvimba kila mkitumia, hata glavu za hospitali zinamfanya hivyohivyo, huenda ana mzio wa utomvu wa mpira. Zipo kondomu za material nyingine, na ya kike ya kisasa haina utomvu, nitaifikia.

Kuitunza mpaka siku yenyewe

Walet. Kila mwanaume anaweka kwenye walet, na walet anaikalia. Siku nzima kwenye bodaboda, joto la mwili chini, jua juu, mpira unasuguliwa na kitambulisho cha NIDA. Jioni ukiwa na bahati ya kuihitaji unatoa kitu kimeshachoka kama wewe mwenyewe. Kuiweka mfukoni kwa siku hiyo unayotoka sio mbaya, ila isihamie humo. Usiweke kwenye dashibodi ya gari wala chini ya siti ya pikipiki, na nyumbani usiweke juu ya kabati karibu na bati, weka droo ya chini au kwenye begi la nguo. Joto lisipite nyuzi 30 kwa muda mrefu. Ukisafiri na treni kutoka hapa mpaka Dar, weka kwenye kopo la plastiki gumu katikati ya nguo, sio mfuko wa nje wa begi. Wavuvi nawaambia hivyohivyo, kopo lenye mfuniko, maji ya ziwa na mafuta ya mashine vyote haviipendi.

Kuivaa

Kabla ya yote, fanya mazoezi peke yako. Najua unacheka. Nunua boksi la tatu, funga mlango, vaa zote moja baada ya nyingine, ya kwanza ukiwa na taa, ya pili taratibu ukiangalia ringi inavyojikunjua, ya tatu zima taa kabisa, maana umeme ukikatika siku hiyo mikono ndo itakuwa macho yako. Yule kijana wa Panadol nilimwambia hivyo akaona nimechanganyikiwa. Wiki iliyofuata kaja, "dada ya kwanza niliichana, ya pili nikaigeuza, ya tatu ndo ikakubali". Sasa fikiria hizo mbili za mwanzo zingetokea na mtu yupo pale anakusubiri. Wadada na nyie jifunzeni, chukua ndizi mbivu au tango, mikono yako ikijua huna haja ya kumsubiri mtu mwenye haraka.

Haya, siku yenyewe. Ivaliwe ukiwa umesimama vizuri, na KABLA uume haujagusa popote pa mwenzio, sio "tuanze kidogo alafu nitavaa". Yale maji ya mwanzo yasiyo na rangi yanayotoka kabla ya mwisho yanaweza kubeba virusi, na mbegu pia.

Shika kipakiti, sukuma kondomu kwa vidole iende upande mmoja, uchane upande mwingine, kwenye ule mkato wa pembeni. Kwa vidole. Meno hapana, wembe hapana, mkasi hapana, na dada mwenye kucha ndefu taratibu mama. Ukiitoa iangalie imekaaje, ringi iliyokunjwa iwe kwa nje na chuchu ichomoze juu, kama kofia ya sweta ambayo pindo lake limekunjwa kwa nje tayari kuvutwa kushuka. Kama hujui vizuri upande upi, ijaribu kidogo kwenye dole gumba kabla haijakugusa kule, inatakiwa ishuke bila ugomvi.

Kama hujatahiriwa vuta govi nyuma kwanza. Alafu bana ile chuchu ya kondomu kwa dole gumba na cha shahada, hapa ndo wengi wanaruka. Ukibana unatoa hewa na unaacha nafasi ya shahawa kukaa. Usipobana, hewa inabaki imejifungia kichwani, ukianza shughuli inakandamizwa, haina pa kwenda, paaa. Alafu unasema ni feki. Kwa hiyo mkono mmoja umebana chuchu, mkono mwingine unakunjua kushuka, mpaka mwisho kabisa shinani, sio nusu njia unaona inatosha. Nywele zisogeze pembeni zisinaswe. Inachukua sekunde kumi na tano ukishazoea na mwenzio akiifanya yeye, kwa kweli wala haionekani kama ni kazi.

Umeiweka kichwani ukakuta haishuki, umegeuza hiyo. USIIGEUZE uvae upande wa pili. Imeshakugusa, itupe, chukua nyingine. Ndo maana nasema usitoke na moja.

Mbili kwa pamoja hapana, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na kuchanika, na ya kiume juu ya ya kike pia hapana. Moja, iliyovaliwa vizuri.

Mafuta, na hapa nikae kidogo

Kaka mmoja, mtu wa Katonga, alikuja amekasirika kweli, ndomu za siku hizi feki, zimempasukia mara tatu ndani ya mwezi mmoja, tena za aina tofauti. Nikamuuliza unabana chuchu? Anabana. Zilikuwa zimeisha muda? Hapana, kasoma. Unapaka kitu? Akanijibu bila wasiwasi, "mawese kidogo tu dada, si ni kitu cha asili".

Jamani. Mimi na mawese sina ugomvi, migebuka bila mawese mi naona kama mgonjwa ndo anakula, ila mafuta yoyote na mpira ni maadui. Mawese, mafuta ya nazi, ya alizeti, mafuta ya mgando, mafuta ya watoto, losheni, siagi, vyote vinaulainisha mpira mpaka unakosa nguvu, na mafuta ya madini kama ya mgando na ya watoto yanaanza kuharibu ndani ya dakika moja. Kwa macho huoni kitu. Yule kaka hakuniamini, nikachukua kondomu moja iliyokwisha muda nikaipuliza ikawa puto kubwa, nikaifunga fundo, nikaipaka mafuta ya mgando upande mmoja nikaiweka kwenye kaunta, tukaendelea na stori. Akaja mama mmoja na cheti cha mtoto, niko namhesabia dawa, puto likapasuka lenyewe, yule mama karuka hatua mbili nyuma anamuita Mungu wake. Kaka akabaki ametoa macho. Tangu siku hiyo mawese yamerudi jikoni.

Sasa ukitaka ulaini ununue kilainishi cha maji, kama KY Jelly, kipo duka la dawa, au chenye silikoni ukikipata. Tone dogo sana unaweza kuweka ndani ya chuchu kabla ya kuvaa, dogo kweli, ukizidisha itavuka, na nyingine ya kutosha kwa nje. Mate yanakauka haraka. Na kama mmoja wenu ni wa kutumia vile vitu vya kukausha uke ili pabane, muache, pakavu ndo panapochana kondomu, na panachana ngozi pia. Mwanamke akiwa hajawa tayari hakuna kondomu itakayokusaidia, chukua muda wako, hilo nalo ni sehemu ya mafunzo.

Katikati ya shughuli gusa shinani mara moja moja uone ringi ipo palepale. Mkienda zaidi ya nusu saa badilisha. Ukitoka nyuma kwenda mbele badilisha, hiyo haina mjadala.

Ukimaliza usilale humohumo. Hii najua ni ngumu maana usingizi unakuja kama umepigwa rungu, ila uume ukilegea ndani kondomu inabaki ndani au inamwaga pembeni. Shika ringi pale shinani ukiwa bado umesimama, toka taratibu, geukia pembeni, ndo uivue. Piga fundo, funga kwenye tishu au karatasi, tupa kwenye shimo la choo au ndoo ya taka. Choo cha kuflashi hapana, utakuja kumlipa fundi. Na ufukweni tafadhali hapana, watoto wakizikuta wanapuliza wakidhani ni maputo, nimeshuhudia na mtoto alikuwa wa dada yangu. Raundi ya pili, kondomu ya pili. Kuosha ile ya kwanza ukaivaa tena, sitaki hata kuongelea.

Ikipasuka

Acheni hapohapo, toka ukiwa umeshika shinani. Dada usijioshe kwa ndani na sabuni wala soda wala ndimu, unajichubua na kusukuma mambo yaende mbele, osha kwa nje na maji basi.

Alafu hesabu masaa, masaa 72. Mimba: vidonge vya dharura, wengi mnaviita P2, unaviwahi ndani ya siku hizo tatu, na kila saa inayopita nguvu inapungua, kwa hiyo usisubiri siku ya tatu kama vile ni ofa. Sio vya kumeza kila wiki, na havizuii ugonjwa wowote. VVU: kama hali ya mwenzio huijui au unajua anao na hatumii dawa, nenda ukaombe PEP, dawa za kuzuia maambukizi, unazianza ndani ya masaa 72 hayohayo, mapema ndo bora, na unameza siku 28 bila kuruka. Hapa mjini nenda Maweni, ile hospitali ya rufaa ya mkoa, ukiwa Tabora nenda Kitete, au kituo chochote chenye kliniki ya CTC, ile ya huduma za VVU. Usikae nyumbani Jumamosi na Jumapili ukisubiri Jumatatu, dirisha la dharura halifungwi wikendi. Watakupima kwanza, watakuuliza maswali, jibu ukweli, hawakujui na hawana muda wa umbea.

Kumwambia mwenzio

Hapa ndo pagumu kuliko kuvaa. Utaambiwa "pipi hailiwi na ganda lake". Kuna dada mteja wangu alimjibu mtu wake, basi pipi leo hailiwi, akavuta kanga akalala. Kondomu ikapatikana baada ya dakika kumi, saa sita usiku, sijui alikoitoa. Ila sio wote tuna roho hiyo, kwa hiyo ushauri wangu ongea mapema, mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu, mnakula, sio pale mambo yameshapamba moto. Akisema "huniamini?" mwambie mimba haiangalii uaminifu, sitaki mtoto mwaka huu. Akisema "kwani una ugonjwa?" mwambie sijui na wewe hujui, twende tukapime wote, kupima vituo vya serikali ni bure. Anayesema haisikii raha, mpe ile nyembamba na kilainishi alafu mrudi tuongee.

Na dada kubeba kondomu kwenye mkoba sio umalaya, wanaume wangapi wanasema "sikutegemea" na kweli hawakutegemea.

Ya kike

Wengi hawajawahi kuiona. Lady Pepeta ni mojawapo iliyowahi kuuzwa huku. Ni kama mfuko laini mrefu wenye ringi mbili, ndogo ya ndani na kubwa ya nje. Uzuri wake unaweza kuivaa mapema, hadi masaa nane kabla, hakuna mtu wa kumbembeleza. Ile iliyoandikwa FC2 imetengenezwa kwa naitraili, sio utomvu, kwa hiyo mwenye mzio anatumia na hata mafuta haiyaogopi. Ukichuchumaa au ukiweka mguu mmoja juu ya kigoda, minya ringi ndogo iwe kama namba nane, isukume ndani kwa kidole mpaka isipoenda tena, hakikisha haijajisokota, ringi kubwa ibaki nje imefunika. Mwanzoni inateleza kama kambale, usikate tamaa mara ya kwanza. Mwanaume akiingia muongoze kwa mkono apite katikati ya ringi, maana anaweza kupita pembeni, kati ya mfuko na ukuta wako, na hapo mmecheza bure. Kutoa, kabla hujasimama, sokota ringi ya nje mara mbili tatu ili vilivyomo visimwagike, vuta taratibu. Ikitumika bila makosa wanapata mimba 5 kwenye 100 kwa mwaka, kwa matumizi ya kawaida ni 21, kwa hiyo nayo inataka mazoezi, nunua mbili tatu za kujifunzia.

Inapiga kelele kidogo, kama mfuko wa sukari. Ongeza kilainishi kelele zinapungua. Kwangu kwa sasa zimeisha, ulizia zahanati kitengo cha uzazi wa mpango, na kama muuguzi atakuambia hazipo mwambie akuandikie jina lako zikija, wanaziagiza wakiona kuna watu wanauliza.